Ngoja Ujifungue Kwanza

Mama wa kisa hiki nimemtunga, kwa hiyo msomaji asimtafute Tanga. Nimempa chumba na sebule vya kupanga Makorora, mume mwenye bajaji, mama mkwe mcha Mungu, na mkono mwepesi wa kukaanga vitumbua. Nimempa pia mimba ya pili, ya miezi sita na ushei, Agosti 2021. Hayo ni yangu. Yaliyompata si yangu: yaliwapata wanawake wengi katika nchi nyingi mwaka huohuo, na baadhi yao waliandikwa na kuhesabiwa kwa makini kuliko tulivyozoea kuhesabu misiba ya kina mama.

Mwezi uliotangulia, tarehe 24 Julai, shehena ya kwanza ya chanjo ya korona ilitua Dar es Salaam, zaidi ya dozi milioni 1 za Johnson & Johnson. Siku 4 baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera. Nchi iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa mwisho wa Aprili 2020, na watu walikuwa wameshazoea kusema "changamoto ya upumuaji" ili wasilitamke jina lenyewe. Sasa wakaambiwa ugonjwa upo, na chanjo hii hapa. Serikali inaweza kugeuka kwa hotuba moja. Baraza la nyumbani haligeuki hivyo.

Mama wetu alikwenda kliniki siku yake ilipofika. Alipimwa uzito na presha, akameza vidonge vya SP vya kukinga malaria mbele ya muuguzi, akapewa vya kuongeza damu vya mwezi mzima, kisha akapandisha mkono wa dera akachomwa sindano ya pepopunda. Hakuuliza imetoka nchi gani wala aliyeitengeneza ana nia gani. Mama yake alichomwa, yeye alichomwa kwenye mimba ya kwanza, na huyo mtoto wa kwanza sasa yuko darasa la pili. Alipokuwa akishusha mkono wa dera akaliona bango la chanjo ya korona ukutani.

"Na hii, dada, sisi wenye mimba tunachomwa?"

Muuguzi alisita. "Hiyo ngoja ujifungue kwanza, mama. Yasije yakatokea mambo ukasema ni sisi."

Nyumbani hakupata aliyempinga muuguzi. "Mimba ni amana, mwanangu," mama mkwe alisema, "usiingize mwilini kitu usichokijua." Mume alikuwa na sauti kwenye WhatsApp ya mtu asiyejitaja, akiapa kwamba waliochanjwa wana miaka miwili tu ya kuishi, na video ya mtu aliyebandika sumaku begani ikanasa. Hakuziamini sana. Lakini kwa nini wajaribu bahati kwa mtoto? Ikapita hiyo.

Visa vya namna hii huharibika pale msimulizi anapomtafuta mbaya, kwa hiyo nitawatetea kidogo. Hakuna hata mmoja wao aliyemtakia mwenzake shari. Tena lile neno la muuguzi hakulizua yeye, lilitoka juu.

Majaribio makubwa ya chanjo ya mwaka 2020 hayakuwapokea wajawazito. Ndiyo desturi ya utafiti wa dawa: mwenye mimba huwekwa kando. Tangu mkasa wa thalidomide, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia kutuliza kichefuchefu cha mimba na ambayo mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilileta duniani maelfu ya watoto wenye viungo pungufu, kila kampuni inaogopa kubeba lawama kama hiyo. Woga huo una sababu. Lakini chanjo ilipotoka, mwanamke mwenye mimba akauliza kama inamfaa, na kwa kuwa hakuna aliyempima, hakuna aliyekuwa na jibu. Tarehe 30 Desemba 2020 Uingereza iliruhusu wapewe wajawazito walio katika hatari kubwa tu. Tarehe 26 Januari 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri mjamzito asipewe chanjo ya Moderna isipokuwa yuko katika hatari kubwa, na siku 3 baadaye likalegeza ushauri wake.

Kisha majibu yakaanza kuingia. Aprili 2021 watafiti wa Marekani walitoa ripoti ya wajawazito zaidi ya 35,000 waliochanjwa, na hawakuona dalili ya hatari kwa mama wala mimba. Tarehe 16 Aprili Uingereza ikasema wajawazito wote wapewe chanjo sawa na wenzao wa rika lao. Agosti, mwezi uleule mama wetu alipokuwa mbele ya lile bango, Marekani ikawahimiza wajawazito wote wachanjwe. Ni kweli kwamba chanjo zilizochunguzwa zaidi kwa wajawazito zilikuwa za Pfizer na Moderna, na iliyofika Tanga ilikuwa nyingine. Muuguzi angeweza kumweleza hivyo, akaongeza kwamba hata kwa hiyo nyingine ushauri wa dunia ulikuwa mjamzito apewe pale faida inapozidi hatari, wakapima pamoja. Hakumweleza. Habari ya kusitasita ilikuwa imesafiri kwa ndege; habari ya kuruhusu ilikuwa bado njiani, inakuja kwa miguu.

Hata huko ilikotoka, ilichelewa kufika masikioni. Wajawazito wengi wa Uingereza waliosikia "subiri" mwezi Desemba hawakurudi kuuliza tena Aprili. Oktoba 2021 huduma ya afya ya England ikatoa hesabu ambayo ingepaswa kubandikwa kwenye kila kliniki: miongoni mwa wagonjwa mahututi kabisa wa korona, wale waliounganishwa na mashine inayotia damu oksijeni nje ya mwili kwa sababu mapafu yameshindwa, karibu 1 kati ya 5 tangu mwezi Julai alikuwa mjamzito ambaye hajachanjwa. Uskoti ilihesabu kwa undani zaidi, kwa sababu huko kumbukumbu za mimba, chanjo na vipimo vya nchi nzima zinaweza kuunganishwa. Kati ya kila wajawazito 100 wenye korona walioingizwa wodi ya wagonjwa mahututi, 98 hawakuwa wamechanjwa. Na kwa wanawake waliojifungua ndani ya siku 28 tangu wagundulike na virusi, vifo vya watoto, walioishia tumboni na waliokufa wangali wachanga, vilifika 22.6 katika kila uzazi 1,000. Kwa kawaida, kipindi hichohicho, vilikuwa 5.6. Watoto wote hao waliokufa mama zao hawakuwa wamechanjwa walipoambukizwa.

Hili halikuwa jambo la kumshangaza mtu aliyesoma historia ya mafua. Mwaka 1919 daktari wa Marekani, John Harris, alikusanya habari za wajawazito 1,350 waliopata homa kuu ya mafua ya 1918. Takribani nusu walipata nimonia, na zaidi ya nusu ya hao wakafa. Mwaka 2009 mafua mengine yakazunguka dunia, na huko Marekani wajawazito, ambao ni kama mtu 1 katika kila 100, wakawa karibu 5 katika kila vifo 100. Mwili wa mama kijacho ndivyo ulivyo. Mfuko wa uzazi unapanda juu na kuyabana mapafu kwa chini, huku mahitaji ya oksijeni yameongezeka kwa ajili ya wawili. Moyo unasukuma damu nyingi kuliko zamani. Damu yenyewe inaganda upesi, maandalizi ya kuzuia asivuje sana siku ya kujifungua. Kinga yake nayo imejipanga upya ili isimfukuze mgeni aliye tumboni. Kila badiliko hapo lina faida yake, mpaka unapokuja ugonjwa unaoshambulia mapafu na kuvuruga mgando wa damu, mambo mawili ambayo korona inayajua kuliko yote. Kwa hiyo mwenye mimba alipaswa kuwa mtu wa kwanza kufikiriwa, na akawa wa mwisho, kwa jina la kumhurumia.

Turudi Makorora. Katikati ya Septemba mama wetu alipata mafua. Koo lilimkereketa, mgongo ukauma, akalala mchana, jambo asilolizoea. Asubuhi ya tatu alikoroga unga wa vitumbua akaona umekosa iliki. Akaongeza. Mteja wa kwanza akamuuliza kama leo ameamua kuuza iliki badala ya vitumbua. Ndipo alipogundua kwamba hasikii harufu, ya iliki wala ya mafuta ya taa.

Kila mtu alijua ni nini na hakuna aliyesema. Mama mkwe alichemsha majani ya mkaratusi, mwarobaini na mchaichai, akamfunika blanketi nzito juu ya nyungu. Mvuke ulimpa nafuu ya pua kwa saa moja. Haukuwa na la kufanya na virusi vilivyokwisha ingia mwilini, na kumfungia mjamzito mwenye homa katika joto la namna ile si jambo la kushauriwa; lakini ukimwambia bibi hivyo wakati ule ungeonekana umesoma sana. Kupima hakwenda. Angepima ili iweje? Akapatikana nayo majirani wasinunue tena vitumbua? Baada ya juma moja kikohozi kikaisha, harufu ikaanza kurudi, akarudi kwenye jiko lake.

Alipona. Hapa ndipo penye fundisho lote la kisa hiki, maana kama asingepona wangemkimbiza hospitali. Korona waliyokuwa wakiiogopa ni ile ya kutweta na mtungi wa oksijeni, na mtu wao hakutweta.

Siku ya kumi na moja tangu apone, Alhamisi, alitambua kwamba tangu asubuhi hajamsikia mtoto. Alikuwa mtoto mchangamfu, mpigaji teke hasa baada ya magharibi. Akanywa maji baridi yenye sukari, akalala ubavu wa kushoto, akasubiri. Akahisi kitu kidogo, au alidhani. Alimwambia mama mkwe, akajibiwa maneno ambayo wanawake wengi wa pwani wameyasikia: mtoto akikaribia kushuka hutulia, anakusanya nguvu. Maneno hayo si kweli. Nafasi ikipungua mtoto hubadilisha namna ya kucheza, pengine badala ya teke akawa anajigeuza, lakini haachi. Mtoto aliyepunguza kucheza ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, bila kusubiri siku ya kliniki.

Ijumaa mume alikuwa na abiria wa kukodi. Ngoja kesho.

Jumamosi muuguzi, yuleyule wa Agosti, aliweka kidude chake cha kusikilizia mapigo ya moyo tumboni, akahamisha, akahamisha tena. Akamwita mwenzake. Hospitalini wakamwekea utrasaundi, na aliyekuwa akiangalia kioo akazungumza na daktari kwa Kiingereza. Alizaa kesho yake alfajiri kwa uchungu wa kuanzishwa, mtoto wa kiume, kilo 2 na kidogo, vidole vyote, uso wa baba yake.

Kwenye wodi ile kitanda cha pili kilikuwa na dada kutoka Muheza. Yeye ndiye aliyekuwa na ile korona inayotambulika. Alifika na mimba ya miezi saba, midomo imebadilika rangi, akiwa na siku nne za kutweta nyumbani. Mjamzito huwa na mazoea ya kukosa pumzi kidogo, kwa hiyo yeye na jamaa zake huchelewa kushtuka; naye mwili wake hujikaza kwa muda mrefu kisha ukaanguka ghafla. Kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni, kilionyesha 86. Kwa mjamzito, madaktari hutaka isishuke chini ya 95. Alipewa oksijeni, akapewa deksamethasoni, dawa ya bei ndogo ambayo Juni 2020 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni. Presha yake nayo ikapanda. Wakaamua kumfanyia upasuaji.

Huyo pia ni wa kutunga, na huyo pia ana wenzake wa kweli. Utafiti mmoja ulioongozwa kutoka Oxford, ukahusisha hospitali 43 katika nchi 18 na kutolewa Aprili 2021, uliwalinganisha wajawazito zaidi ya 700 wenye korona na wengine zaidi ya 1,400 wasio nayo. Wenye korona walipata kifafa cha mimba na presha inayokitangulia kwa kiasi kikubwa zaidi, walizaa watoto njiti mara 1.6 ya wenzao, na katika kila 100 kati yao mmoja au wawili walikufa. Katika kundi la pili kifo kilikuwa nadra mno. Utafiti wa kwetu Afrika, uliofanywa katika hospitali za Kongo, Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Uganda, ulikuta kwamba mjamzito aliyelazwa kwa korona alikuwa katika hatari ya kufia wodini takribani maradufu ya mwanamke mwenye ugonjwa huohuo asiye na mimba. Brazil iliumia mapema kuliko wengi: kati ya vifo 160 vya kina mama wenye korona vilivyokuwa vimeripotiwa duniani hadi katikati ya 2020, 124 vilikuwa vya huko, na baadhi ya waliokufa hawakufikishwa hata kwenye chumba cha mahututi. Virusi ni vilevile kila mahali. Kitanda, mtungi na daktari wa usingizi ndivyo havilingani.

Mtoto wa dada wa Muheza alitoka na kilo 1 na gramu 500. Alipimwa, hakuwa na virusi. Hilo ni la kawaida: watoto wa mama wenye korona wanaokutwa nayo wenyewe hawafiki 2 katika kila 100. Madhara kwa mchanga hupitia njia nyingine, hasa kuzaliwa kabla ya wakati, na katika miezi ya mwanzo ya janga hili, kutenganishwa. Kuna hospitali, za nchi tajiri na za nchi maskini, zilizomchukua mtoto mara tu alipotoka na kumweka mbali na mama kwa siku nyingi, bila kunyonya, bila kubebwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri kinyume chake: mama avae barakoa, anawe mikono, ambebe na kumnyonyesha. Virusi hai havikupatikana vikimfikia mtoto kupitia maziwa. Mwaka 2021 shirika hilo lilieleza kwamba kuwalaza njiti na wachanga wadogo kifuani, ngozi kwa ngozi, kunaweza kuokoa zaidi ya watoto 125,000, na kwamba wanaoweza kupotea kwa korona yenyewe ni wachache mno ukilinganisha. Kwa kuwa mama alikuwa kwenye oksijeni, bibi yake mtoto ndiye aliyefungwa kitenge na kuwa kangaruu, saa kumi na mbili kwa siku, akinung'unika kwamba hajawahi kubeba mtoto kwa mbele.

Mama yule alitoka hospitali baada ya wiki tatu. Nimemwacha aishi.

Wetu aliondoka siku ya pili, bila mtoto na bila maelezo. Kondo la nyuma lilikuwa limeshatupwa kwenye shimo lake, kama makondo mengine yote ya siku hiyo. Nasema hili bila kumlaumu mtu, maana kwetu hakuna utaratibu wa kulipeleka kondo maabara. Lakini siri ilikuwa humo. Mapema mwaka huohuo madaktari wa Ireland waliona watoto wakifia tumboni mwa mama waliokuwa wamepata korona, mara nyingi korona nyepesi tu, majuma machache baada ya kuugua. Walikata makondo na kuyaangalia kwa hadubini. Baadaye wataalamu 44 kutoka nchi 12 walikusanya makondo 68 ya namna hiyo, ya watoto 64 waliozaliwa wamekufa na 4 waliokufa wangali wachanga. Kwa wastani, sehemu 77.7 katika 100 za kondo zilikuwa zimeharibika. Protini ya kugandisha damu ilikuwa imejaa katikati ya vile vinyweleo ambamo damu ya mama hupeleka hewa kwa mtoto, kama machicha yaliyokaza kwenye kifumbu mpaka tui halipiti. Watoto wengi waliopasuliwa na kuchunguzwa hawakuwa na kasoro yoyote. Walikosa hewa.

Hali hiyo ni nadra. Wajawazito wengi sana waliopata korona walizaa salama, na mwenye mimba anayesoma hapa asikae akihesabu siku kwa hofu. Takwimu za Marekani, zilizopitia uzazi zaidi ya milioni 1 na laki 2 kati ya Machi 2020 na Septemba 2021, zinaipa hatari kipimo chake: mtoto aliyezaliwa amekufa alikuwa 1 katika kila 80 kwa mama waliokutwa na korona wakati wa kujifungua, na 1 katika kila 155 kwa wengine. Miezi ya kirusi cha Delta, kilekile cha Septemba ya mama wetu, hatari ilikuwa kubwa zaidi.

Je, mtoto wa Makorora alikufa kwa sababu hiyo? Hata mimi niliyemtunga siwezi kuapa, na ndivyo ilivyo kwa kina mama wa kweli. Mkunga mmoja wa makamo, alipokuwa akimfunga kifua maziwa yasimsumbue, alimuuliza kama aliugua karibuni. Alipojibiwa kuhusu iliki, alinyamaza, kisha akamweleza, kwa sauti ya chini, kile alichokisikia kwenye semina. Ni huyo tu aliyemweleza.

Kifo kisichochunguzwa hakikai bila maelezo. Wengine walisema ni barabara mbovu na bajaji. Jirani mmoja alitajwa, kwamba siku ile aliposifia tumbo hakusema mashallah. Lakini maelezo yaliyoshika mizizi yalikuwa ya mama mkwe, aliyekaa akapiga hesabu nyuma hadi akafika Agosti: si ndiyo siku aliyochomwa sindano? Ile ya pepopunda. Korona na chanjo ya korona vilikuwa vimechanganyika kichwani mwake na kila kilichotoka kwenye bomba la sindano, na pepopunda, iliyowalinda watoto wake yeye mwenyewe, ikahukumiwa bila kesi.

Hapo hasara ilianza kuzaa. Wifi wa mama wetu, mdogo wa mume, alikuwa na mimba changa, ya kwanza. Aliambiwa na mama yake asikubali sindano yoyote. Kliniki ya kwanza akaenda, ya pili akakacha. Mtoto wa mama asiyechomwa ya pepopunda, akikatwa kitovu kwa wembe mchafu, hana kitu cha kumkinga. Kinga ya siku zile za mwanzo huipata kwa mama, inavuka kondo na kumsubiri. Chanjo ya korona hufanya vivyo hivyo. Februari 2022 Marekani ilitangaza kwamba mama aliyechanjwa akiwa na mimba hupunguza kwa takribani asilimia 61 uwezekano wa mwanawe kulazwa kwa korona katika miezi sita ya kwanza, umri ambao mtoto hana chanjo yake mwenyewe. Wifi hakuambiwa hili na mtu yeyote. Aliambiwa habari ya wifi yake aliyechomwa sindano akazaa maiti.

Mama wetu alikuwa bado ndani ya siku arobaini aliposikia. Hakubishana na mama mkwe. Kwake hakubishiwi, na ule uchungu wa bibi kwa mjukuu wake wa kiume ulikuwa uchungu kweli. Alisubiri ule muda wa mchana ambao mzee hulala, akamwita wifi yake jikoni, akamkalisha kwenye kibao cha mbuzi.

"Wifi, Jumatatu tunakwenda kliniki mimi na wewe. Utachomwa ya pepopunda, nami nitaulizia ya korona, yangu na yako. Wakisema tungoje, tunawauliza tungoje nini, na mpaka lini, na nani kasema. Ukikohoa, tunapima. Ukikosa pumzi, hakuna nyungu. Kichwa kikikuuma sana ukaona nyotanyota, uniite."

"Na mama je?"

"Mama niachie mimi. Sasa nisikilize hili. Akishaanza kucheza, ukae umjue, saa zake na tabia yake. Siku akipunguza usimwambie mtu akushauri. Nipigie mimi, hata iwe saa nane za usiku. Kaka yako atawasha bajaji akitaka asitake."